Gari Halidanganyi

Kiti cha dereva kilikuwa kimesogezwa nyuma hadi mwisho.

Msasa alisimama, mkono kwenye mlango, akakitazama. Jana jioni alikiacha karibu kabisa na usukani, maana yeye ni mfupi, na asipokisogeza hivyo miguu yake huelea juu ya klachi kama ya mtoto aliyepandishwa kwenye kiti cha kinyozi. Sasa palikuwa na nafasi ya mtu mrefu kunyoosha miguu akastarehe. Kioo cha kuangalia nyuma nacho kilikuwa kimepindishwa, hakionyeshi nyuma wala pembeni, kinaonyesha kiti cha abiria. Na gari lenyewe halikuwa na hata gurudumu moja. Lilikuwa limekaa uani juu ya mawe manne, boneti wazi, nusu ya injini ikiwa kwenye beseni la mafuta ya taa.

“Huyu kaka naye,” alijisemea, akacheka, akakirudisha kiti mahali pake.

Kaka yake alikuwa mwalimu wa hesabu, mrefu mpaka huinama kwenye kila mlango kwa mazoea, hata milango isiyomgusa. Hajaoa. Alikuwa na chumba chake upande wa pili wa ua, na kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa, alishinda nyumbani akisahihisha madaftari na kumsumbua mdogo wake kwa maswali. Nani mwingine angekaa kwenye gari lisilokwenda?

Jina la Msasa alilipata kazini. Wenzake walipoona kijana anashinda kutwa nzima akisugua bati moja kwa karatasi ya msasa, mpaka vidole vinakosa alama, wakamwita hivyo, naye akaitika. Ugonjwa wake ulikuwa magari ya spoti yaliyochakaa: yale ya milango miwili, yaliyo chini chini, ambayo watu huyafunika turubai wakaishia kuanika nguo juu yake. Alikuwa amekwisha kuyafufua matatu. Hili lilikuwa la nne, jekundu lililopauka, na alilipenda kuliko yote.

Alikuwa pia na mke, na huyo alimpata kwa njia ya magari. Alikuwa fundi cherehani hodari wa ngozi na makochi. Msasa alimpelekea kiti cha gari akishone, kikashonwa vizuri, akakirudisha eti mshono umepinda. Alipokirudisha mara ya tatu, binti akamtazama akamwambia, “Kaka, kama unataka kuongea nami, ongea. Kiti kimekukosea nini?” Tangu hapo viti vyote vya Msasa alivishona yeye. Mume anafufua bati na injini, mke anafufua ndani, na jioni wanakaa wote wawili ndani ya gari lisilokwenda wakijifanya wako safarini. Hapakuwa na kitu duniani Msasa alichokiogopa kukipoteza zaidi ya hizo jioni.

Gari jekundu lilitoka kwa mfamasia mmoja aliyeishi peke yake katika nyumba kubwa kuliko haja yake. Lilikuwa ubavuni mwa nyumba, chini ya turubai, miaka kumi na mmoja. Mfamasia hakulisogelea. Alilionyesha kwa kidole akiwa barazani.

“Nikuulize kitu, kijana,” alisema. “Umeoa?”

“Nimeoa,” Msasa akajibu kwa maringo.

Mfamasia akatikisa kichwa polepole, akaingia ndani kuleta ufunguo. Ulikuwa mmoja. Wa pili, alisema, ulipotea.

Basi Msasa alikuwa na imani moja ya kazi, na aliisema kila siku: mteja hudanganya, gari halidanganyi. Mteja ataapa kwamba alibadilisha oili mwezi uliopita. Unafungua, oili nyeusi kama lami. Mteja anasema hajawahi kugonga. Unasugua rangi, unakuta bati lililonyooshwa kwa nyundo. Kwa hiyo Msasa hakuwa na desturi ya kuwasikiliza watu. Alilisikiliza gari. Kwa fundi hiyo ni sifa nzuri. Kwa mume ni balaa, lakini hilo alikuja kulijua akiwa amechelewa.

Injini ilipowaka, magurudumu yakarudi, na mkewe akamaliza kushona viti kwa ngozi ya rangi ya kahawa, mambo yakaanza kuharibika. Kila siku mchana Msasa alikwenda madukani kutafuta vipuri. Siku moja aliporudi aliweka kiganja juu ya boneti, akakiondoa upesi. Ilikuwa ya moto. Akachungulia dashibodi. Kilomita zilikuwa zimeongezeka ishirini na mbili.

Kiti cha dereva kilikuwa nyuma hadi mwisho. Kioo kilitazama kiti cha abiria. Na kwenye kiti cha abiria, pale kichwa kinapoegemea, palikuwa na harufu ya mafuta ya nywele. Aliyajua mafuta hayo, yalikuwa ya mkewe. Chupa yake ilikaa dirishani chumbani kwake.

“Leo mlitoka?” alimuuliza mkewe, akijitia hamnazo.

“Kwenda wapi? Tangu asubuhi niko hapa, mgongo umekufa,” mkewe alisema, bila kuinua macho kwenye cherehani.

Shaka ikamwingia hapo. Mtu mrefu. Kioo kilichogeuzwa ili dereva amwone abiria wake. Alilala akiwa amempa mkewe mgongo, na mkewe akadhani ni uchovu.

Kesho yake alikwenda na ufunguo mfukoni. Kilomita ishirini na mbili. Keshokutwa alifungua waya za betri. Ishirini na mbili. Siku iliyofuata akafanya jambo ambalo mtaa mzima uliliona na ukamcheka mpaka ukakosa mbavu: alilitoa betri, akalibeba begani, akazunguka nalo madukani kutwa, jasho linamtiririka, kila muuza duka akimuuliza kama anauza. Aliporudi boneti ilikuwa ya moto. Ishirini na mbili nyingine.

Mtu mwenye akili zake angeshika njia akakimbia. Betri liko begani kwako, gari limetembea! Lakini shaka ikishamkaa mtu haimwachii nafasi ya woga. Msasa alisimama pale na betri lake akapiga hesabu yake: wana ufunguo wa pili, na wameazima betri.

Alimfuata kaka yake chumbani.

“Mnakwenda wapi mchana?”

“Nani na nani?” kaka akauliza, kalamu nyekundu mkononi.

“Usinifanye mtoto.”

Kaka alimtazama, akaanza kutabasamu akidhani ni mzaha, kisha tabasamu likamkauka. “Mdogo wangu, unajua unachokisema? Huyo ni shemeji yangu. Nimekulea mimi, ukiwa huwezi hata kufunga kamba za viatu.”

“Gari halidanganyi.”

Kaka akafungasha madaftari jioni ile ile, akahamia kwa mwalimu mwenzake.

Mkewe alivumilia siku nne zaidi. Alivumilia maswali, alivumilia kunuswa mabegani kama mzigo wa forodhani. Siku ya tano Msasa alimtaka avue viatu aone soli zake kama zina vumbi la barabara. Mkewe akavua, akavipanga mbele yake, akasimama peku.

“Tazama vizuri,” alisema. “Mimi nakupenda, na sijakwenda popote. Nimekuambia mara ngapi? Lakini wewe unaliuliza gari.” Akavivaa tena, akachukua mkasi wake na begi moja, akaenda kwa wazazi wake.

Msasa akabaki na ua mtupu. Akafunga geti kwa kufuli mbili. Akatoa magurudumu yote manne, akalirudisha gari juu ya mawe, betri akaliweka barazani miguuni pake, na saa sita mchana akavuta kigoda, akakaa hatua tatu kutoka mlangoni mwa gari, macho hayabanduki. Alitaka kuwafumania. Hakujiuliza wangepita wapi.

Jua lilikuwa utosini na mtaa umenyamaza, watu wako ndani wanakula. Kwanza ikaja harufu ya yale mafuta ya nywele, tamu, karibu kabisa na pua yake, kana kwamba mkewe amepita nyuma ya kigoda, na chini ya utamu ule palikuwa na harufu nyingine, ya kitu kilichoungua siku nyingi kikaloweshwa maji. Kisha akasikia reli ya kiti ikikwaruza, taratibu, kiti kikirudi nyuma chenyewe mbele ya macho yake, nyuma, nyuma, mpaka mwisho, na ngozi aliyoishona mkewe ikabonyea kwa uzito wa mtu aliyekaa, na kioo kikageuka kidogo kidogo kama kinavyogeuzwa na vidole, hakikusimama kwenye kiti cha abiria safari hii bali kikaendelea kuzunguka mpaka kikamwelekea yeye pale kigodani, na injini isiyo na betri ikawaka kwa sauti laini ambayo yeye mwenyewe, kwa ufundi wake wote, hakuwahi kuipata, na namba za kilomita zikaanza kupanda gari likiwa juu ya mawe, moja, mbili, tatu, huku akili yake ikielewa kwa mara ya kwanza kwamba mkewe hakuwahi kukaa pale, kaka yake hakuwahi kukaa pale, na kwamba kila alichokisoma kwenye gari hili kiliandikwa ili akisome.

Aliruka geti. Kufuli zilibaki zimefungwa.

Kwanza alikimbilia kwa mfamasia, akampata dukani, akamweleza huku akihema. Mfamasia hakushangaa. “Mimi ilikuwa ni mwavuli wa mtu kwenye kiti cha nyuma,” alisema kwa kunong’ona, akitazama mlangoni. “Na vifungo vya shati. Nilimfukuza mke wangu, nikawafukuza na wanangu. Nilipobaki peke yangu ndipo nikalisikia likicheka. Nilikuuliza kama umeoa, kijana. Nilipaswa kukuambia zaidi. Niliogopa usije ukaliacha.”

Kaka alikuja bila kuombwa mara mbili. Ndugu ni ndugu. Na ndiye aliyemleta fundi saa, mtu mnene mwenye miwani, ambaye mchana hutengeneza saa sokoni na wakishindwa waganga wote huitwa kutoa majini. Alilizunguka gari mara moja, akalinusa, akapangusa miwani.

“Hili linapenda mtu mmoja,” alisema. “Likishampenda, linawaondoa wengine. Halina nguvu ya kuwafukuza, kwa hiyo linamwachia yeye awafukuze. Dawa yake ni moja. Aliyeshukiwa akae pale aliposhukiwa, naye aliyeshuku akae kando yake, amwombe radhi kwa kinywa chake mwenyewe. Radhi ikitoka, jini hana pa kukaa.”

Mkewe aliitwa, akaja asubuhi. Amekonda. Hakumsalimu, lakini alipouona uso wake, macho yakamlegea, na Msasa akajua kwamba bado kuna kitu cha kuokoa. Akaingia kwenye kiti cha abiria, akaweka mikono mapajani. Msasa akakaa nyuma ya usukani. Fundi saa akasimama upande mmoja akisoma dua kwa sauti ya chini, kaka akasimama upande wa pili.

“Sasa,” fundi saa akasema.

Msasa akamgeukia mkewe. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyajali. Alisema, nisamehe mke wangu, nilikosa, nilikuacha wewe nikaliamini bati. Alilisema neno kwa neno, akajisikia akilisema, na kifua kikawa chepesi.

Mkewe akajibana mlangoni.

Hakuwa akitazama dashibodi, wala kioo. Alikuwa akiutazama mdomo wa mumewe, na rangi yote ilikuwa imemtoka usoni.

“Rudia,” fundi saa akasema, dua imemkatikia.

Msasa akarudia, kwa sauti zaidi, nisamehe, rudi nyumbani, sina mwingine. Kaka akashika kichwa kwa mikono miwili, akarudi nyuma hatua moja, mbili.

Fundi saa akafunga mkoba wake. “Gari ni safi,” alisema polepole. “Nadhani limekuwa safi tangu mchana ule alipokaa hapa uani peke yake. Shuka, binti. Taratibu. Usimpe mgongo.”

“Lakini nimeomba radhi!” Msasa akalia. “Kaka, wewe umesikia! Nimesema nini?”

Kaka akamjibu bila kusogea karibu. “Umesema, ‘Ondokeni nyote. Huyu ni wangu.’ Mara zote mbili. Na haikuwa sauti yako.”

Mlango ukafunguka, mkewe akashuka. Wakarudi kinyumenyume wote watatu, wakivuka ua. Getini mkewe akasimama. Fundi saa akamvuta mkono, akakataa. Alisimama akimtazama mumewe, akingoja. Msasa alimjua mkewe. Alijua anangoja neno moja tu, lolote, lililo lake, na akilisikia atarudi hata wamshike watu kumi.

Neno alikuwa nalo. Lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Na hapo akahisi kwamba, nyuma ya neno lile, palikuwa na lingine linalosubiri zamu.

Akauziba mdomo wake kwa viganja vyote viwili, akaukaza kwa nguvu zake zote, mpaka mkewe alipoinamisha kichwa na kuondoka.