Boga la Kastus

— Vua buti, shoga, usiniletee theluji ndani. Viatu vya ndani vimo kwenye kapu.

Palina alikuwa jikoni anakaanga chapati za viazi. Nikaingiza mkono kapuni, nikatoa viatu vya kiume vya sufu ya kijivu, vina jogoo mwekundu kila kimoja. Jogoo wale niliwatarizi mwenyewe, zawadi ya mchumba wangu Kastus.

— Hivi vya nani, Palina?

— Vya kaka yangu, alipita juzi.

Kaka yake yuko Polandi, mwaka wa pili huu hajarudi. Sikubisha. Nilikula chapati zake na maziwa mgando mpaka ya mwisho, nikaondoka na vile viatu kwenye mkoba.

Njiani nikamtumia Kastus ujumbe: "Mpenzi, viatu nilivyokushonea unavivaa?"

"Kila siku nyumbani, Yadzia wangu. Miguu inakuombea dua."

Nikalia kwenye basi bila aibu. Kisha nikampigia Palina.

— Jumamosi washenga wanakuja kwetu. Usikose, wewe ni kama dada yangu.

— Nikose vipi, mpenzi?

Jumamosi Kastus alikuja na mshenga wake, mjomba Vintsuk, amebeba mkate juu ya taulo la kutarizi, na chupa kwapani. Kastus akanyoosha mkono kunisalimia.

— Sio kizingitini, nikamwambia, mikosi hiyo. Ingia kwanza, vua buti.

Akavua. Nikaweka jogoo wangu wawili mbele ya miguu yake. Akaviangalia viatu vile kama kaona nyoka. Palina, aliyekuwa anapanga sahani, akaganda.

— Vaa basi, kijana, sakafu ya baridi, alisema mjomba Vintsuk. Au vinakubana?

— Vinamtosha, mjomba. Juzi vilikuwa kwenye kapu la Palina. Eti vya kaka yake.

— Yadzia, ngoja nikueleze, Palina akaanza.

— Nieleze nini? Kwamba kaka yako anatembea kwa miguu ya mchumba wangu?

Kastus akashusha sauti.

— Ilikuwa mara moja tu, nakuapia.

— Wa mara moja huvaa vya wageni, Kastus. Anayepeleka vyake ameshahamia.

Mjomba Vintsuk akakohoa. Mama alishuka stoo ya chini, akarudi na boga kubwa kuliko yote, akambebesha Kastus mikononi. Kwetu hakuna mchumba asiyelijua boga hilo: ukipewa, umekataliwa, na mtaa mzima utakuona ukitoka nalo.

— Mama, tafadhali, alisema Kastus.

— Mimi sio mama yako. Kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu alikilisha na chumvi juu.

Mjomba Vintsuk akachukua mkate wake.

— Nimekuja kuposa, narudi na mboga. Twende, umeniaibisha.

Boga zito, mikono miwili haitoshi, buti zina kamba. Kastus alitumbukiza miguu kwenye jogoo wangu, akatoka hivyo hivyo kwenye theluji, majirani wamejaa madirishani. Palina alimfuata, kichwa chini. Nilimpenda mtu yule, na roho iliniuma. Lakini nilicheka.

Kesho yake nilimpelekea Palina buti za Kastus. Nikazitia mwenyewe kwenye kapu lake.