Punje Mbili za Ganda Moja

Alhamisi ile, magharibi ikiingia, nilimnyonyesha Kahigi akashiba, nikamkabidhi kwa mama, kisha nikapanda bodaboda kutoka Kitendaguro kwenda mjini kujifunza kukata kiuno.

Ndiyo, kukata kiuno. Wenyewe wanaita belidensi. Mama yangu Benigna, mtu wa rozari na misa ya asubuhi, aliposikia mara ya kwanza alicheka mpaka akashika mlango.

"Mtaka cha uvunguni sharti ainame," alisema. "Nenda kainame."

Acha acheke. Uzazi ulikuwa umeniacha na tumbo lililolegea kama gunia tupu. Kahigi nilimpata baada ya kuzika wawili, na nilitaka mwili wenye nguvu wa kumlea. Sikuona haya hata kidogo.

Darasa lilikuwa kwa Hina, kwenye ghala la kahawa la marehemu babu yake, mzee Ranjan, nyuma ya duka lao. Kahawa haijaingia humo miaka mingi, lakini mvua ikinyesha kuta bado zinanukia. Hina aliusomea mchezo huo Dar, akarudi kutufundisha sisi tusiojua kitu. Kila mmoja alijifunga kiunoni mkanda wenye visarafu vya bati.

Chwa. Chwa. Chwa.

"Tumbo, akina dada! Siyo mabega!"

Mimi nilikuwa gogo. Wenzangu walinicheka, nami nikacheka ili kuficha aibu. Umeme ulipokatika nilishukuru Mungu. Hina aliwasha tochi ya simu, spika ikaendelea kwa betri, nami nikajisogeza kona ya nyuma ambako mwanga haukufika.

Hapo harufu ikanijia. Moshi... kahawa... na maziwa yaliyochacha.

"Pepeta," sauti ya mwanamke ikanong'ona ubavuni kwangu. "Kiuno chako ndicho ungo. Zungusha, makapi yatoke."

Alikuwa mwembamba, peku, na kitenge chake kilikuwa kimepauka. Kiuno chake kilizunguka taratibu. Visarafu vyake havikulia.

Nikamfuata. Nikapepeta kama ninavyopepeta karanga nyumbani, na kiuno kikakubali! Nilifurahi kama mtoto. Kwa furaha ile pini niliyobania mkanda ikafyatuka, ikanichoma chini ya kitovu.

"Mawe!" nikamwita mama kwa Kihaya.

Kidole kilirudi na damu. Yule mwanamke alifungua kifundo cha kitenge chake, akatoa kahawa kavu, ile ya kutafuna tunayowapa wageni. Akapasua ganda kwa meno. Punje mbili. Kwa moja alinifuta damu kidoleni, akaitia mdomoni mwake. Ya pili aliipitisha chini ya kitenge, tumboni kwake, akanishika mkono akaniwekea.

"Tafuna, mwenzangu."

Kwetu mtu akikupa kahawa hukatai. Ni matusi. Tena yeye peke yake ndiye ambaye hakunicheka. Nikatafuna. Punje ilikuwa imelowa, ina chumvi, ina ladha ya chuma.

Umeme ukarudi. Hakuwepo.

"Yule dada wa kona ile ni nani?" nilimuuliza Hina.

Akanishangaa. "Si mnakuja pamoja? Ameanza siku uliyoanza wewe."

Nyumbani nilimkuta mama amesimama mlangoni, Kahigi mikononi.

"Alilia, Koku. Halafu akanyamaza, akaanza kunyonya. Ananyonya na hakuna ziwa! Mpaka akacheua maziwa."

Nilimnusa mtoto mdomoni. Moshi. Kahawa. Nilimpa ziwa, akageuza uso.

Nikamweleza mama habari ya punje. Rozari ikamponyoka.

"Huo ni omukago," alisema kwa sauti ndogo. "Urafiki wa damu. Wazee walichanja karibu na kitovu, wakapaka damu kwenye punje za ganda moja, kila mmoja akameza ya mwenzake. Baada ya hapo hamnyimani kitu. Ukinyima, tumbo linakuvimba, unakufa."

"Hata mtoto, mama?"

Akaanza kusema huku anatazama sakafu. Bibi yangu aliwahi kuchambua kahawa kwenye ghala lile. Wanawake walikuja na watoto wao mgongoni. Mmoja mtoto wake alikata roho hapo hapo, mgongoni, na mama mtu hakujua. Alidhani amelala. Akapepeta mpaka jioni.

"Aliitwa nani?"

"Jina lake hatulitaji."

Wiki nzima Kahigi alikataa ziwa langu. Kila magharibi alinyonya hewa, akashiba, akalala. Alinenepa. Padre alikuja na maji ya baraka, akaomba, akaondoka haraka kuliko alivyokuja. Niliogopa kumgusa mwanangu, na niliogopa kumwacha.

Alhamisi iliyofuata sikwenda darasani. Tuvimbe, tufe, nilisema, mtoto simtoi. Nilimlaza chumbani, nikachomeka chandarua pande zote. Chumba hicho dirisha lake lina nondo na mlango ni mmoja. Mama na mimi tukaweka viti mlangoni, tukaanza rozari.

Simu ikaita. Hina. Muziki ulisikika nyuma yake.

"Koku, mbona huji? Tumeshaanza."

"Siji tena, Hina. Nisamehe."

"Haya, hatukulazimishi. Ila mwenzako amefika." Akacheka kidogo. "Kumbe una mtoto mzuri hivi! Yuko mgongoni kwake, amelala fofofo. Hata muziki haumwamshi."

Nikageuka kuutazama mlango wa chumba.

"Hina," nilinong'ona. "Mwamshe. Tafadhali, mwamshe."

"Nani, mtoto? Mwache apumzike..."

Mama alikuwa ameshaingia chumbani. Nilisikia sauti yake ikiita jina la Kahigi mara moja tu. Niliingia. Chandarua kilikuwa kimechomekwa vile vile, pande zote. Nikapenyeza mkono ndani. Godoro lilikuwa bado na joto.

Katikati ya joto lile palikuwa na ganda la kahawa. Tupu. Limepasuliwa kwa meno.