Chupa Iliyoona Haya

Hilux nyeupe ilikuwa mita hamsini nyuma yake, na waliokuwemo hawakuja kwa salamu.

Shubiri alikanyaga mafuta. Suzuki yake ikaruka tuta, ikatua kwa kishindo. Kwenye kiti cha pembeni, sanduku la barafu lenye chupa sita nyeusi liligonga mlango.

Redio ya Motorola ikakoroma. Mkuu wake wa kazi, kule upelelezi.

"Shubiri, wamekufuata?"

"Tangu getini."

"Watoroke!"

"Hapana, Mkuu. Nataka wanikamate kidogo."

"Wewe binti, utaniua kwa presha."

Risasi ikapasua kioo cha nyuma. Shubiri akafunga breki, akatoka mikono juu, akitetemeka kwa ustadi. Majamaa wawili wakabeba sanduku, wakamsukuma mtaroni, wakaondoka wakicheka.

Wacheke tu. Walidhani wamebeba ushahidi, kumbe walikuwa wameiba maji ya bomba, aliyoyakinga bafuni kwake alfajiri.

Alijipangusa vumbi, akavaa ovaroli ya wafagizi na kurudi alikotoka.

Uwanja ule ulikuwa wa kuteketezea mabomu ya zamani. Kazi alikabidhiwa Kanali mmoja mstaafu. Hakuteketeza kitu. Aliyazika, kisha juu yake akazika mengine, aliyoletewa kwa siri na wakala wa kigeni ambaye kwao hayakutakiwa hata jalalani. Makasha yakaoza. Baruti ikashuka kwenye udongo, na udongo haujui kutunza siri: ukaipeleka kwenye maji ya visima.

Kaka yake Shubiri alikuwa mchimba visima pale. Miaka mitatu alikunywa maji ya kisima namba nne. Macho yakawa manjano, ini likagoma, akafa. Kanali akasaini ripoti: *mfanyakazi amefariki kwa ulevi.*

Kaka hakuwahi kuonja hata bia. Mama yao aliisoma ripoti ile mara moja tu, akaikunja, na tangu siku hiyo kicheko chake hakikusikika tena. Shubiri aliichukia sahihi ile kwa moyo wake wote.

Leo Kanali angepewa hati kwamba ardhi na maji ni safi. Visima vingefunguliwa kwa nyumba mia nne, na kaka angebaki mlevi milele.

Mbele ya turubai, juani, palikuwa na meza yenye chupa sita za kioo cheupe, kila moja na namba ya kisima. Kanali ndiye aliyeagiza ziwekwe wazi, wageni waone maji yanavyong'aa. Alizijaza maji ya kununua dukani. Asubuhi, kabla ya kukimbizwa na watu wa Kanali, Shubiri alipangusapangusa meza ile, na alipomaliza, chupa ya nne ilikuwa na maji ya kisima cha nne kweli.

Maji yenye baruti hutunzwa gizani. Jua likiyapiga, hubadilika rangi. Mtu yeyote wa maabara anajua. Kanali hakuwa mtu wa maabara, alikuwa mtu wa maonyesho.

Mgeni rasmi alichelewa saa mbili, kama kawaida ya wageni rasmi. Chupa zikaota jua.

Kanali akashika kipaza sauti. Mwingine angesema "itifaki imezingatiwa" akaingia kwenye hoja. Yeye? Thubutu! Alipenda vyeo mno. Alimtambua mgeni rasmi, naibu wake, mwenyekiti wa kamati, makamu wa mwenyekiti, na bado alikuwa mstari wa kwanza wa viti. Redio ilirusha yote moja kwa moja. Dakika arobaini zilipita, naye alikuwa anamtambua fundi wa spika.

Chupa ya nne ilianza kupata wekundu. Kisha ikawa kama juisi ya tikiti.

"Kanali," mgeni rasmi akauliza, "hiyo chupa mbona inaona haya?"

"Ni... ni mwanga tu, mheshimiwa."

"Na hizo nyingine ziko kivulini?"

Wakala wa kigeni aliinuka taratibu, akaelekea kwenye Land Cruiser yake. Mkuu alikuwa ameegemea mlango, pingu mkononi.

"Pole, bwana. Una pancha nne."

Kanali akapeleka mkono ndani ya koti. Akahisi chuma ubavuni. Bastola, Glock, chini ya kitambaa cha kufutia meza, mkononi mwa mfagizi.

"Jaribu," Shubiri alinong'ona. "Nakuomba ujaribu."

Kidole chake kilitaka. Moyo wake ulitaka zaidi.

"Shubiri, namtaka mzima," Mkuu akasema kupitia kidude cha redio sikioni mwake.

"Nimesikia. Sijakubali bado."

"We nani?" Kanali alihema.

"Mdogo wake yule mlevi. Umewatambua wote hapa isipokuwa mtu mmoja. Kipaza sauti kiko wazi. Mtambue."

Jasho lilimtiririka. Akalitaja jina la marehemu, na la baba yake.

"Cheo chake?"

"Mchimba visima."

"Alikuwa mlevi?"

"Ha... hakuwa mlevi."

"Nini kilimuua?"

"Maji. Maji ya mabomu niliyoyazika."

Spika zikayapeleka maneno hayo mpaka ng'ambo ya ukuta. Pingu zikalia.

Shubiri aliondoka kwa mwendo wa mtu anayekwenda kununua chumvi. Simu ikaita.

"Mama. Umesikia redio?"

"Nimesikia, mwanangu." Sauti ilikuwa na machozi. "Umempiga?"

"Hapana, Mama. Amri ni apelekwe mzima."

Mama akafikiri.

"Kofi moja mtu hubaki mzima."

Shubiri akasimama. Akageuka, akarudi mpaka kwa Kanali.

Kofi lilisikika hata redioni.

"La Mama hilo," alisema, akavaa miwani yake na kwenda zake.