Matimba ya Mama Salome

Kila asubuhi Inspekta Asteria Ndaki alichemsha maziwa kwenye jiko la gesi, akiyasimamia yasije yakamwagika. Jumanne hiyo simu ililia. Maziwa yakafurika, yakazima jiko. Duara moja, shimo la wachimbaji wadogo wa dhahabu huko Nyarugusu, lilikuwa limebomoka.

Alipofika, mchimbaji Kalisti alikuwa amelazwa kwenye turubai, vumbi bado limemganda kwenye kope. Asteria mwenyewe alimfunika marehemu uso kwa ncha ya turubai. Kisha akaokota kipande cha timba, gogo la kuegemeza kuta za shimo. Nje kilikuwa cheusi kwa oili chafu. Ndani kilisagika vidoleni kama ugoro.

"Nani anauza haya?"

"Mama Salome wa Nyahanga, Kahama," walimjibu. "Yanapitia ushirika wetu." Asteria akampigia simu Sajenti Nasibu wa Kahama amkamate yeyote atakayemkuta kwake.

Ofisini kwa ushirika alimkuta Amira, binti aliyeutengeneza mfumo wa kompyuta wa kutambua hatari kabla haijafika shimoni.

"Wataalamu wanauita ontolojia," Amira alisema kwa sauti ndogo. "Si orodha, afande. Ni ramani ya uhusiano. Inajua timba limetoka kwa nani, huyo ni nani kwa nani, na limesimama duara lipi. Mmoja akiharibu, taa nyekundu inawaka kote alikogusa."

"Iliwaka?"

"Wiki tatu zilizopita. Tulishamfungia Edson kwa kutuuzia miti iliyoliwa na mchwa. Mama Salome ni mkewe. Nilipouandika uhusiano huo, taa ikawaka. Kesho yake nikakuta umefutwa, pamoja na majina ya maduara yaliyopokea mzigo."

"Ukafanyaje?"

Amira aliinamisha kichwa. "Niliandika kwenye ripoti kwamba kuna suala la kufuatilia."

Asteria alimeza hasira. Maduara yalikuwa arobaini, na kila mwenye duara aliapa kwamba lake ni zima, hapandishi mtu. Watu walikuwa chini dakika ile ile.

Asteria akaagiza aitwe meneja, Davis, ambaye wote walimwita Baba Lusia. Aliingia na fulana yenye picha yake mwenyewe; alikuwa akigombea uenyekiti wa ushirika.

"Baba Lusia, nani alifuta?"

"Kompyuta ni za watoto kama huyu, afande. Mimi najua mashimo."

Asteria alimgeuzia skrini ya Amira. "Mfumo haufuti bila kuandikiwa sababu. Imeandikwa, kwa nywila yako: 'Mume wa Mama Salome amefariki.'"

Davis alikohoa. "Basi ni hivyo. Marehemu Edson. Nilikwenda msibani."

"Mlikula nini?"

"Wali. Na nyama kidogo."

Asteria alipiga simu, akaweka spika. "Sajenti Nasibu, mpe huyo mtu wako simu."

"Mwangaluka, afande!" ikaunguruma sauti, ikisalimu kwa Kisukuma. "Edson hapa. Mwulize Davis kwa nini polisi wananishika, na juzi tu kaniagiza mzigo mwingine!"

Davis alikaa bila kukaribishwa.

"Umemwua Edson kwenye kompyuta," Asteria alisema, "na Kalisti akafa kweli. Kwa nini?"

"Uchaguzi ni Jumamosi. Wapiga kura ni wenye maduara. Nani angemchagua mtu aliyewafungia mashimo? Miti mizuri ilikuwa haijapatikana. Nikasema, wiki chache tu, matimba haya yatashika."

"Maduara yapi?" Asteria aligonga meza. "Yapi!"

"La Zamoyoni. La Mihayo. Na la Mwanaidi, kule mlimani."

Amira alikuwa ameshakifikia kipaza sauti cha kutangazia mikutano, kinachosikika hadi mashimoni.

"Mwanangu, taratibu," Davis alimsihi. "Usitie watu hofu. Sema kuna ukaguzi wa kawaida."

Amira alimtazama. Akawasha.

"Zamoyoni, Mihayo, Mwanaidi! Matimba yenu yameoza! Baba Lusia alijua. Na mimi nilijua, nikanyamaza. Pandisheni watu sasa hivi, watakufa!"