Korongo wa Chokaa

Foleni ya chemchemi ya maji ya tiba ya Hisarya haina mstaarabu. Kila mtu na madumu yake, kila mtu na figo zake, na wote wana haraka. Nevena alikuwa ndani ya koti jekundu jipya, anamchotea maji shangazi yake Tsonka aliyekuja mjini kwa matibabu, pale dumu la kijana wa mbele yake lilipoteleza likamlowesha kuanzia kifuani mpaka viatuni.

"Usijali, dada," kijana akasema, vumbi la chokaa limemjaa mpaka kwenye nyusi. "Haya maji Warumi waliyaogea. Wewe umeogeshwa bure."

"Warumi walikuwa wanavua nguo kwanza."

Foleni nzima ikacheka. Kijana akajitambulisha hapohapo: Yavor, fundi wa kuziba nyufa za kuta za Kirumi.

Baridi yote ile Nevena alipanda basi kutoka Plovdiv kila Jumamosi, eti kumwona shangazi. Shangazi alionwa muda wa bakuli moja la supu, mtu kaondoka.

Machi mosi ikafika, siku ambayo Bulgaria nzima hufungana mkononi uzi mwekundu na mweupe. Yavor akamfunga wake polepole.

"Ukimwona korongo wa kwanza kurudi baada ya baridi, uuvue uufunge kwenye mti uliochanua. Siku hiyohiyo unijibu, mpenzi. Unaolewa na mimi, au unakwenda kwenye ile kazi uliyopata Vienna?"

"Na nisipomwona?"

"Korongo wa Hisarya hawajawahi kutegea."

Basi Nevena akaanza kutembea akiangalia viatu vyake. Mji umejaa malango na minara, yeye akajua mawe ya barabarani tu.

Jumamosi moja mwishoni mwa mwezi akamkuta Yavor kwenye magofu ya mabafu, mkono mtupu.

"Uzi uko wapi?"

"Nimeufunga kwenye mlozi."

"Lini?"

"Jumatano."

"Umemwona korongo Jumatano, na hata simu hukupiga?"

Yavor akajikuna shingo. Nevena hakusubiri. Alichoelewa ni kwamba mwanaume kabadili nia na sasa anajitoa kimyakimya. Akaondoka, visigino vinalia kwenye mawe.

Usiku huo alilala kwa shangazi. Jumapili Yavor alipiga simu yake mpaka shangazi akaipokea.

"Amelala."

"Saa sita mchana, shangazi?"

"Amelala kwa hasira. Umefanya nini, mwanangu?"

"Mlete Ngamia. Kuna korongo."

Ngamia ni lango la kusini, na siku hiyo chini yake watu walijaa. Mlinzi wa magofu alikuwa anafoka. Juu kabisa, kwenye matofali ya Kirumi, korongo mweupe alisimama kwa mguu mmoja. Nevena akamkazia macho. Ndege hakutikisika, na mdomo wake uling'aa wekundu anaoujua.

"Shangazi, ile si rangi yako ya kucha?"

Shangazi Tsonka akatazama mawingu.

"Yavor, huyu ndege ni wa chokaa."

"Mguu wa pili chokaa iliniishia."

"Kwa nini hukupiga simu?"

Utani ukamtoka usoni. "Tulikubaliana umwone mwenyewe. Halafu nimekuona unavyotembea kichwa chini, Neve. Nikajua hutaki kunijibu. Nikaogopa kupiga, nikaona bora nikuundie korongo usiyeweza kumkwepa."

"Jibu ninalo toka Machi mosi, mjinga wewe. Niliogopa nikilitamka, Vienna ndiyo imekwenda."

Kabla Yavor hajafungua mdomo, kivuli kikapita juu ya watu. Korongo wa kweli akatua langoni, akamzunguka mwenzake wa chokaa, akagonganisha mdomo kwa dharau, kisha akamdonoa shingo. Kichwa kikaporomoka, kikapasukia miguuni pa mlinzi.

"Nani mwenye hili dude?" mlinzi akanguruma.

Nevena alikuwa bado kainua uso, anatazama juu bila haraka. Akavua uzi wake.

"Mlozi wako uko wapi?"

"Nyuma ya mabafu," Yavor akasema. "Ina maana...?"

"Ina maana upande ngazi ushushe mabaki ya ndege wako, upesi. Siolewi na mfungwa."