Betri ya Moyo wa Nyangi

Lori la pamba lilikuwa limekwisha kuwashwa pale Butiama, linakwenda Musoma. Akina mama walikaa juu ya magunia wakiimba. Ilikuwa mwaka 1976, asubuhi tulivu. Nyangi alipopandishwa, wimbo ukakatika: binti wa miaka kumi na tisa, anatetemeka kwa homa na jua linawaka.

Ndugu zangu, binti huyu alizaliwa na moyo mbovu. Mapadri walimpeleka Ulaya, akawekewa kidude cha betri chini ya ngozi ya kifua, na waya wake ukaingia hadi moyoni kuukumbusha kupiga. Daktari wa huko alimwonya: "Pakiwa pekundu au pakivimba, nenda hospitali upesi."

Pakawa pekundu. Dafroza, mama yake, alitaka waende siku hiyohiyo. Baba yake, Wanzagi, akakataa.

"Watakitoa! Kikitoka, si ndiyo kifo?"

Akaniita mimi, Twalib, fundi baiskeli nisiye na makao. "We mzururaji, ukifika Bunda niletee ile poda nyeupe ya vidonda."

Nikaleta. Ngozi ikakauka. Wanzagi akatamba: "Hawa madaktari wanasomaga nini miaka yote hiyo?" Tukacheka.

Lakini homa ikawa inarudi kila jioni, wiki tatu. Juu palikauka, chini usaha ulikuwa unaufuata waya.

Ndiyo maana asubuhi ile Wanzagi alisimama mbele ya lori, mikono ameitandaza.

"Shuka, mwanangu! Wakikitoa utakufa."

"Baba, hata kikibaki nakufa. Toka njiani. Pamba inachelewa, na mimi nachelewa."

Dafroza akapaza sauti kutoka juu ya magunia: "Dereva, ondoa gari! Atahama mwenyewe!"

Alihama.

Hospitalini Musoma, nilikoongozana nao, daktari alipabonyeza kifuani kidogo tu, kovu likafunguka, usaha ukatoka. Akauliza nani aliweka poda. Nikarudi nyuma ya Dafroza.

"Kidude na waya vyote vitoke," alisema, "dawa peke yake haitoshi. Kisha atawekewa kingine upande wa pili. Mngekuja wiki ya kwanza..."

Funzo

Mwenye kidude cha moyo akiona wekundu, uvimbe au homa, asifiche wala asipake kitu. Aende hospitali siku hiyohiyo, hata kama anaogopa atakachoambiwa. Mimi fundi najua: hubandiki kiraka kabla hujachomoa mwiba. Nilijua, na poda nikaleta.

Nyangi alipelekwa Nairobi kwa ndege ya misheni, maana Musoma hawakuweza upasuaji huo. Vyote vikatolewa. Alifariki siku ya nne, kabla ya kuwekewa kingine; sumu ya usaha ilikuwa imeshaenea kwenye damu. Dafroza amerudi kwao Kiriba. Wanzagi yuko Butiama, analima peke yake. Mimi natengeneza baiskeli Murangi. Nikiagizwa dawa, nakataa.