Neno la Siri la Yamila

Mvua ilipoanza kunyesha katika mji wa Tacuarembó, bibi yake Yamila alikuwa tayari jikoni akikaanga torta frita, maandazi bapa ya siku za mvua. Kama kawaida, Yamila alichukua mbili za moto, akafungua kompyuta yake ndogo kabla ya kwenda shule. Jana yake alisakinisha mfumo mpya wa Linux humo, peke yake, na mashine iliyokuwa ikijikokota ikawa nyepesi ajabu.

Akaandika neno lake la siri: ñandu, jina la ndege mkubwa anayefanana na mbuni. Ikakataa. Akarudia, ikakataa tena.

Ndani mlikuwa na milonga, nyimbo za gitaa ambazo babu yake alizirekodi kabla ya kufariki, na bibi huzisikiliza kila Jumapili. Baada ya kusakinisha alizirudisha humo kutoka kwenye flashi ya rafiki yake Braian, naye Braian akaifuta nakala yake, video za mpira zipate nafasi.

Shuleni, Mwalimu Nélida naye alijaribu. Wapi!

"Ulichagua kibodi ya Kihispania, kama nilivyowaelekeza?"

"Ndiyo, mwalimu," Yamila alijibu haraka.

"Fundi mkubwa huyo!" Braian alicheka. "Si ulisema maelekezo ni ya watoto wadogo?"

"Nyamaza wewe!"

Mwalimu alihangaika mpaka mapumziko, akachoka. "Sioni njia, mwanangu. Itabidi tufute vyote, tuanze upya."

Yamila aliona aibu, lakini alimwonea bibi yake huruma zaidi.

"Mwalimu, subiri! Nimekudanganya. Niliruka pale pa kibodi, ikabaki ya Kiingereza. Baadaye nikaona kila nikibonyeza ñ inatoka nukta-mkato, nikaibadilisha kimyakimya."

"Ulipoibadilisha, neno la siri ulikuwa umeshaliweka?"

"Ndiyo."

Mwalimu akaangua kicheko. "Basi hukuandika ñandu, binti! Uliandika nukta-mkato, halafu andu. Hebu jaribu."

Yamila akaandika ;andu. Skrini ikafunguka, na punde gitaa la babu likasikika darasani. Yamila alilia kwa furaha.

"Kukosea kibodi si aibu," mwalimu alisema. "Lakini ukimdanganya anayekusaidia, unamtuma akatafute mahali pasipo na kitu. Ungesema kweli asubuhi, sasa ungekuwa nje unacheza."

"Nje mvua, mwalimu," Braian alisema, huku akichomeka flashi yake. "Yamila, weka nyimbo za babu humu. Mpira nimeshaufuta."